Mtoto haamki bure usiku

NI saa nane ya usiku. Mvua iliyoanza jioni bado inapiga mabati, na ukungu umeshuka mpaka uani. Saa kumi na moja alfajiri lazima uwe umeamka, uwashe moto, uchemshe uji, kisha ushike kikapu uelekee shambani. Mara unasikia sauti: "Mama!" Mtoto wako wa miaka minne ameketi kitandani, analia. Unampa maji, unambembeleza, analala. Saa tisa na nusu anaita tena. Ikifika siku ya nne, wewe na baba yake mnaanza kurushiana maneno, na mwalimu wa chekechea anakuambia kuwa mtoto amekuwa akisinzia darasani.

Mpenzi msomaji, ikiwa hali hii unaijua, hauko peke yako. Kutoka Kericho hadi Litein, na kutoka Sotik hadi Silibwet, wako wazazi wengi wanaokwenda kuchuma majani chai asubuhi wakiwa na macho mazito. Wengine hujiuliza: Je, mtoto amerogwa? Ni utundu? Au ni ugonjwa ambao haujaonekana?

Mara nyingi si uchawi wala si utundu. Hata hivyo, mtoto haamki bure. Liko jambo linalomwamsha, na liko jambo jingine linalomzuia kurudi usingizini. Kazi ya mzazi ni kuyatafuta hayo mawili. Na mahali pa kuanzia kuyatafuta si saa nane ya usiku, wakati kila mtu amechoka na ana hasira. Anza na mchana na jioni iliyotangulia.

Kila mtu huamka

Kwanza, yafaa ujue kwamba hakuna mtu anayelala usiku kucha bila kuamka. Usingizi huenda kwa vipindi. Mtoto huzama katika usingizi mzito, kisha usingizi huwa mwepesi, akajigeuza, akafungua macho kidogo, halafu akazama tena. Mzunguko huu hujirudia kila baada ya saa moja hadi moja na nusu hivi. Mtoto anayesemekana "halali" na yule "anayelala vizuri" wote huamka. Tofauti ni kwamba mmoja anajua kurudi usingizini mwenyewe, na mwingine lazima aite mtu.

Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2019 ukisema kuwa mtoto wa miaka 3 na 4 anahitaji saa 10 hadi 13 za usingizi katika saa 24, pamoja na usingizi wa mchana kama bado analala mchana. Piga hesabu ya mtoto wako. Akilala saa mbili usiku na kuamka saa kumi na mbili asubuhi, hizo ni saa 10. Akiongeza saa moja mchana, amefikisha 11. Hapo hana upungufu, hata kama aliamka mara moja akaomba maji. Lakini akilala saa nne usiku kwa sababu mlikuwa mkimngoja baba, akaamka mara tatu, kisha akatolewa kitandani saa kumi na moja, basi ana deni, na deni la usingizi hulipwa kwa hasira, kulialia na kusinzia darasani.

Jambo la pili ni kwamba usingizi wa watoto wa nchi hii ya chai umewahi kuchunguzwa na wataalamu. Katika miaka ya 1970 watafiti wawili kutoka Marekani, Charles Super na mkewe Sara Harkness, waliishi kwa muda mrefu katika jamii ya wakulima Wakipsigis iitwayo Kokwet. Walilinganisha watoto wachanga wa Kokwet na wale wa mijini Marekani. Watoto wa Marekani walipofikisha miezi minne hivi walikuwa wakilala karibu saa nane mfululizo. Wale wa Kokwet waliendelea kuamka hata walipofikisha miezi minane, wakanyonya na kulala tena.

Je, akina mama wa Kokwet walilalamika? La. Mtoto alilala ubavuni mwa mama, na mchana alibebwa mgongoni akisinzia huku kazi zikiendelea. Mama hakuona kuamka huko kuwa tatizo, maana siku yake iliweza kulibeba jambo hilo. Watafiti hao walionyesha kwamba usingizi wa mtoto hufuata desturi za nyumba na kazi za wakubwa.

Kwa hivyo nyanya, au kogo kama anavyoitwa huku, akikuambia kwamba watoto wote huamka usiku, hakudanganyi. Lakini mazingira ya kogo hayakuwa kama yako. Leo mama huondoka kabla ya jua kuchomoza na kumwacha mtoto kwa yaya au jirani. Baba huenda yuko zamu ya usiku kiwandani. Mtoto wa PP1 anatarajiwa shuleni asubuhi akiwa macho. Kilichobadilika zaidi ni siku ya mzazi kuliko mtoto mwenyewe. Ndiyo maana tunahitaji kumsaidia alale, bila kumwona kuwa mkosaji.

Tafuta kinachomsumbua mwilini

Kabla ya kumfundisha mtoto lolote, hakikisha kwamba haumwi na hasumbuliwi na kitu. Si haki kumwambia mtoto anyamaze ilhali anawashwa au hawezi kupumua. Chunguza haya yafuatayo:

Minyoo. Kuna minyoo midogo myeupe, myembamba kama uzi, inayotoka usiku na kutaga mayai kwenye njia ya haja kubwa. Mtoto hujikuna makalio, hujipindapinda na kulia bila kuweza kueleza. Mwangalie kwa tochi akiwa amelala, huenda ukaiona. Dawa yake ni rahisi na inapatikana katika zahanati, lakini kwa kawaida jamii nzima hutibiwa pamoja, na dawa hurudiwa baada ya wiki mbili. Kata kucha za watoto na ufue matandiko. Pia usikose wiki za Malezi Bora, mwezi Mei na Novemba, ambapo watoto walio chini ya miaka mitano hupewa vitamini A na dawa ya minyoo.

Upele, kunguni, viroboto na funza. Mwasho wa upele huzidi usiku, mtoto anapopata joto la blanketi. Angalia katikati ya vidole, kwenye vifundo vya mikono na kiunoni. Ukiona vipele, watu wote wa nyumba watibiwe. Inua godoro utafute kunguni kwenye mishono yake. Angalia nyayo na vidole vya miguu kama kuna funza, hasa kama sakafu ya nyumba ni ya udongo.

Kifua na pua. Kikohozi kinachokuja usiku na alfajiri, pamoja na kifua kinachopiga miluzi, huenda kikawa pumu. Moshi wa kuni hukizidisha. Mtoto anayekoroma kila usiku, akilala kinywa wazi, huenda ana vinyama vilivyovimba nyuma ya pua au tezi kubwa za koo. Ukisikia pumzi yake imekatika kwa muda kisha akashtuka akivuta hewa kwa nguvu, mpeleke kwa daktari. Hiyo si tabia. Ni ukosefu wa hewa.

Sikio. Maumivu ya sikio huzidi mtoto anapolala chali. Ikiwa ana mafua na sasa analia akishika sikio, apimwe.

Homa. Usidhani kwamba baridi yetu inatukinga na malaria. Katika miaka ya 1990 mashamba makubwa ya chai ya Kericho yalikumbwa na milipuko ya malaria mara kwa mara, hasa baada ya mvua za masika, karibu na Juni na Julai. Na kwa sababu watu wa nyanda za juu hawana kinga ya kutosha kama wale wanaoumwa na mbu wenye malaria mwaka mzima, ugonjwa huweza kuwa mkali haraka. Mtoto anayeamka usiku akiwa na joto mwilini apimwe damu siku hiyo hiyo. Usimpe dawa ya malaria iliyobaki kabatini kabla ya kupimwa.

Baridi na jiko

Mashamba mengi ya chai ya Kericho na Bomet yako karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Usiku joto huweza kushuka hadi nyuzi 10 hivi. Mtoto anayejifunua blanketi saa saba ya usiku ataamka kwa baridi saa nane, hasa kama amekojoa kitandani. Mara nyingi dawa ya kuamka huko ni soksi, fulana nzito ya kulalia na karatasi ya nailoni chini ya shuka ili godoro lisilowe. Mpeleke msalani, au umpe chungu cha kukojolea, kabla ya kulala.

Lakini kuna kosa moja ambalo huua. Wazazi wengine, kwa huruma, huingiza jiko la makaa katika chumba cha kulala na kufunga mlango na dirisha ili mtoto apate joto. Makaa yanayowaka katika chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu, na haimwashi mtu macho kama moshi. Huingia katika damu na kuchukua nafasi ya hewa safi ya oksijeni. Mtu aliyelala huzidi kulala, asiamke tena. Makaa mekundu yasiyo na moshi si salama. Kama unataka kupasha chumba joto, fanya hivyo jioni mkiwa macho na mlango ukiwa wazi, kisha utoe jiko nje kabla ya mtu yeyote kulala. Usingoje makaa yazimike ndani.

Kikombe cha jioni

Sasa tuje kwenye jambo ambalo sisi watu wa chai hatupendi kulisikia. Katika nyumba nyingi huku, chai ya maziwa hunywewa asubuhi, saa nne, alasiri na tena baada ya chakula cha jioni. Mtoto hupewa kikombe chake kama watu wengine. Nani angefikiria kwamba jani linalotulisha ndilo linalomwamsha mtoto?

Majani chai yana kafeini, kitu kinachochangamsha ubongo. Kwa mtu mzima, saa tano hivi baada ya kunywa, karibu nusu ya kafeini ingali mwilini. Mwaka 2015 Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya ilieleza kuwa kwa mtoto kiasi kisichotia wasiwasi ni miligramu 3 kwa siku kwa kila kilo ya uzito wake. Mtoto wa kilo 15 basi asizidi miligramu 45. Kikombe kimoja kikubwa cha chai iliyochemshwa mpaka ikawa nyekundu huweza kukaribia kiasi hicho. Sasa hesabu vikombe vya mtoto wako tangu asubuhi. Hesabu pia soda nyeusi aliyonunuliwa sokoni, maana nayo ina kafeini.

Kisha kuna jambo la damu. Chai ina tanini, ambayo hushikana na madini ya chuma yaliyo katika chakula kama maharagwe na mboga, yakapita tumboni bila kutumika. Mtoto anayekunywa chai kila anapokula huweza kupungukiwa na damu polepole. Upungufu wa madini ya chuma nao umehusishwa na usingizi wa kujipigapiga miguu na kujigeuzageuza. Ukiona viganja na ndani ya kope ni vyeupe, mpeleke akapimwe damu.

Hatusemi chai ni sumu. Tunasema si kinywaji cha mtoto mdogo, na hasa si cha jioni. Mpe maziwa ya moto peke yake, au uji mwepesi wa wimbi. Kama anadai chai kwa sababu wengine wanakunywa, mwekee maziwa katika kikombe kile kile, mahali pale pale, na wakati ule ule. Anachotaka zaidi ni kuketi nanyi kuliko hayo majani. Jaribu kwa wiki mbili uone tofauti. Kwa watoto wengine, hili peke yake latosha.

Mchana ulikwendaje?

Muulize anayekaa na mtoto: Alilala saa ngapi? Yaya aliye na kazi nyingi hufurahi mtoto akilala kutoka saa nane hadi saa kumi na moja jioni. Lakini mtoto aliyelala saa tatu mchana hawezi kuhisi usingizi saa mbili usiku, na hata akilala, usingizi wake utakuwa mwepesi. Mtoto wa miaka mitatu au minne alale saa moja hadi moja na nusu tu, na awe ameamka ifikapo saa tisa alasiri. Anayekaribia miaka mitano huenda asihitaji kulala mchana kabisa. Acheze nje na kukimbia. Mtoto aliyefungiwa chumbani siku nzima mbele ya televisheni au simu hana uchovu wa kumlaza.

Halafu jiulize swali gumu zaidi: Leo mtoto huyu amekuona kwa muda gani? Uliondoka akiwa amelala. Ulirudi jioni, ukaingia jikoni, ukafua, ukahesabu kilo zako za majani. Mtoto alikushika sketi ukamwambia angoje. Kwa mtoto kama huyu, usiku ndio wakati pekee ambapo mama ni wake. Akilia saa nane, mama huja. Anamshika, anamwimbia, anamlaza kifuani. Kwa nini asiamke?

Dawa yake ni kumpa mchana kile anachokitafuta usiku. Dakika 15 zatosha, mradi ziwe zake kweli. Ukifika nyumbani, kabla ya kugusa sufuria, keti naye. Akuonyeshe alichochora, akueleze ni nani aliyemsukuma, mchambue maharagwe pamoja. Baba naye asijitenge. Kama yuko zamu ya usiku, basi yeye ndiye awe na mtoto mchana au asubuhi. Wazazi waliofanya hivi hushangaa kuona kwamba mtoto huanza kupunguza kilio chake bila kukemewa.

Ndoto mbaya na vitisho

Mtoto wa umri huu ana fikira nyingi, na hofu huanza kumwingia. Tofautisha mambo mawili.

La kwanza ni ndoto mbaya. Hii huja zaidi karibu na alfajiri. Mtoto huamka kabisa, anakutambua, anakueleza kwamba fisi alitaka kumla. Mshike, mwambie uko naye na mlango umefungwa, kaa naye mpaka atulie.

La pili ni vitisho vya usingizini. Haya huja saa moja hadi tatu baada ya kulala. Mtoto huketi ghafla, anapiga mayowe, macho yako wazi, jasho linamtoka, moyo unamwenda mbio, lakini hakutambui na huenda akakusukuma. Wengi hudhani ni mapepo. Kwa kweli amelala. Sehemu tu ya ubongo imeamka. Usimtikise, usimmwagie maji, usimwamshe. Hakikisha hataanguka au kuugusa moto, ngoja dakika chache, naye atalala tena. Asubuhi hatakumbuka lolote, na hakuna haja ya kumkumbusha. Mara nyingi hali hii huletwa na uchovu au homa, na huisha mtoto akikua. Lakini kama mwili unakakamaa, mikono inarukaruka, povu linatoka au amejiuma ulimi, huenda hiyo ni degedege au kifafa. Mpeleke hospitalini.

Ndugu wakubwa waonywe wasimtishe kwa hadithi za chemosit jioni. Hadithi ni urithi wetu, na zisimuliwe, lakini jioni zichaguliwe zile ambazo sungura anawashinda wakubwa na kila mtu anafika kwao salama.

Wiki mbili za kumfundisha

Ikiwa mtoto ni mzima, chai ya jioni imeondolewa na mchana umerekebishwa, lakini bado anaita, basi amezoea kulala kwa msaada wako. Dkt Richard Ferber wa Boston, Marekani, alilieleza jambo hili kwa wazazi mwaka 1985: vile mtoto anavyolala saa mbili usiku ndivyo atakavyotaka kulala tena saa nane. Kama alilala ukimpigapiga mgongoni, akiamka na mkono haupo, ataita. Kwa hivyo afundishwe kuingia usingizini mwenyewe, mwanzoni mwa usiku.

Usifikiri kwamba lazima awe na chumba chake. Katika nyumba nyingi za mashambani na za kampuni, familia nzima hulala chumba kimoja, na wengine kitanda kimoja. Hakuna ubaya, mradi mtoto huyu asilale akimbana mdogo wake mchanga. Fuata hatua hizi:

1. Saa iwe moja kila siku. Huku kwetu jua huzama saa kumi na mbili na nusu hivi mwaka mzima, basi una saa yako angani. Giza likiingia ale, anawe miguu kwa maji ya moto, aende haja, aingie kitandani kufikia saa mbili. Jumapili pia.

2. Mambo yafuatane kwa mpangilio ule ule: kunawa, nguo za kulalia, hadithi au sala, mwanga upunguzwe. Simu na televisheni zizimwe saa moja kabla.

3. Mpe kitu chake cha kulalia, kama leso yako kuukuu. Ina harufu yako, naye ataishika akiamka.

4. Mlaze angali macho. Kaa karibu naye juu ya kigoda, bila kumbeba na bila mazungumzo. Kila baada ya siku mbili au tatu, sogeza kigoda mbali kidogo, mpaka uwe mlangoni au kwenye kazi zako.

5. Akiita usiku, nenda. Mguse, mfunike, sema maneno machache yale yale: "Niko hapa. Ni usiku. Lala." Usiwashe taa kubwa, usimpe chakula, usianze hadithi. Akitoka kitandani, mrudishe kwa upole, hata kama ni mara tano.

6. Asubuhi msifu mbele ya baba au nyanya. Mtoto wa miaka minne hupenda sana kusikia kwamba jana alilala kama mtu mkubwa.

Usiku wa pili au wa tatu huenda ukawa mbaya kuliko wa kwanza. Usikate tamaa. Hatari kubwa ni kukataa mara nne kisha kukubali mara ya tano, kwa maana hapo mtoto amejifunza kwamba akilia kwa muda mrefu atapata. Wote mnaoishi naye mkubaliane neno moja. Kama nyanya yuko, mweleze kwa heshima na umpe sehemu yake, labda ile ya hadithi.

Yasiyofaa

Wazee walisema, mchelea mwana kulia hulia mwenyewe. Methali hiyo ni ya kweli, lakini haisemi mpige. Mtoto aliyechapwa saa nane ya usiku hulala kwa kwikwi na woga, na woga ndio humwamsha kesho yake.

Usimpe dawa ya mafua au ya mzio ili alale. Dawa hizo humlevya, si kumlaza. Wengine huchachawa badala ya kusinzia, na kipimo kikizidi ni hatari kwa pumzi na moyo. Pombe, hata kijiko kimoja, isikaribie kinywa cha mtoto.

Umwone daktari lini?

Usingoje ikiwa ana homa, anapumua kwa shida, pumzi hukatika usingizini, amepata degedege, anaumwa na kichwa kila alfajiri pamoja na kutapika, au hapati uzito. Kadhalika, ikiwa alikuwa akilala vizuri na ghafla akaanza kuamka akiwa na woga wa mtu au mahali fulani, muulize taratibu, bila kumlazimisha, na umsikilize. Mtoto anayeogopa mchana huamka usiku.

Mhudumu wa afya wa kijijini ndiye wa kwanza kuuliza. Yeye atakuelekeza kwenye zahanati, au kwenye hospitali kama za Kericho, Kapkatet, Litein, Longisa au Tenwek. Ukienda, chukua kitabu cha kliniki, na uandike kwa siku saba: alilala saa ngapi, aliamka saa ngapi, alikunywa nini jioni. Karatasi hiyo itamsaidia daktari kuliko maelezo ya "halali kabisa."

Mzazi mwenzangu, jioni ya leo usianze na mambo yote kwa pamoja. Anza na mawili. Ukirudi kutoka shambani, keti naye dakika 15 kabla ya kuwasha moto. Kisha, wengine wanapomiminiwa chai, wewe mmiminie maziwa. Saa nane ikifika na ukasikia sauti ikiita "Mama," utajua angalau kwamba hujachangia kumwamsha, na kwamba kazi iliyobaki ni ndogo.